Matope ya baharini yafichua siri ya sumaku ya dunia

MPWA wangu ana umri wa miaka 13 na ni mtoto wa Nairobi halisi. Ukimuuliza habari za kandanda ya Uingereza atakutajia wachezaji wote, hata wale wanaokaa benchi. Pwani, hata hivyo, alikuwa hajawahi kufika. Basi likizo ya Agosti nilimchukua tukashuka Mombasa, tukapanda matatu ya Malindi, na siku ya tatu nikampeleka Gede akaone magofu.

Wasomaji wengi mnapajua Gede, angalau kwa kusoma vitabuni. Ni mji wa mawe ya matumbawe uliojificha ndani ya msitu, kilomita 16 hivi kusini mwa Malindi, karibu na Watamu. Watu waliishi humo tangu karne ya 12 hivi, wakastawi sana katika karne za 14 na 15, kisha wakauhama katika karne ya 17. Bwana James Kirkman alianza kuuchimba mwaka wa 1948, na mwaka wa 2024 shirika la UNESCO liliutia katika orodha ya turathi za dunia.

Tulizunguka msikiti mkuu, kasri na visima virefu ambavyo siku hizi havina maji. Tulipokaribia kutoka, mzee aliyekuwa akitutembeza alisimama, akamtazama kijana mfukoni, akatabasamu.

"Mwanangu, hebu kitoe hicho."

Kijana akashtuka. Akatia mkono mfukoni, akatoa kigae cha chungu chekundu, kisichozidi ukubwa wa kisanduku cha kiberiti.

"Samahani, mzee. Nilidhani ni takataka tu."

"Si neno. Lakini kirudishe. Usikitupe hapa karibu, rudi nacho mpaka pale pale ulipokiokota."

Tukarudi wote watatu. Nakiri kwamba moyoni nilimwona mzee yule kama mtu wa kutusumbua bure. Kigae kimoja kati ya maelfu, na jua lile la saa saba!

Usiku tulipokuwa tumelala Watamu, nilisikia kijana akigeuka geuka kitandani.

"Shangazi, umelala?"

"Bado. Una nini?"

"Ni kweli kwamba sumaku ya dunia inakwisha?"

Kumbe alikuwa na jambo lililomkaa rohoni tangu muhula uliopita. Mvulana mmoja wa bwenini mwao alikuwa amewasimulia kwamba nguvu za sumaku za dunia zinapungua kila mwaka, na kwamba siku moja kaskazini itageuka kuwa kusini, ndege zitaanguka na watu watachomwa na miale ya jua. Wenzake walicheka. Yeye hakucheka, na hakumwambia mtu.

Nilimwahidi kwamba nitaulizia na kusoma, kisha nitamjibu kwa ukweli. Haya ndiyo niliyoyapata. Nayaandika hapa kwa sababu nadhani si yeye peke yake aliyewahi kukosa usingizi kwa jambo hili.

BAHARI YA CHUMA

Kwanza tuelewane kuhusu sumaku yenyewe. Chini ya miguu yetu, ukienda umbali wa kilomita 2,900 hivi, kuna bahari nyingine, nayo ni ya chuma kilichoyeyuka kwa joto. Chuma hicho hakitulii. Huzunguka na kuchemka polepole, na mwendo wake huzaa umeme, nao umeme huzaa nguvu za sumaku. Nguvu hizo ndizo zinazoivuta sindano ya dira ielekee kaskazini.

Si nguvu kubwa. Katika pwani ya Malindi ni kiasi cha nanotesla 33,000 hivi. Nambari hiyo isikutishe, kwani sumaku ndogo ya kubandika kwenye mlango wa friji huishinda zaidi ya mara 100. Lakini ya friji huishia hapo hapo mlangoni, ilhali ya dunia hufika mbali angani na kutukinga kama mwavuli. Jua hutupa vijichembe vyenye umeme kila saa, na sumaku hii huvisukuma kando vingi vyake visitufikie.

Na ni kweli, msomaji, kwamba mwavuli huu unapungua nguvu. Yule mvulana wa bwenini hakusema uongo hapo. Mtu wa kwanza kuzipima nguvu hizo kwa kipimo kamili alikuwa Mjerumani Carl Friedrich Gauss, katika miaka ya 1830. Tangu wakati huo sumaku kuu ya dunia imepungua kwa karibu asilimia 9.

Swali ni je, hiyo asilimia 9 ni dalili ya msiba au ni jambo la kawaida? Ukimwona mtu amepungua kilo mbili huwezi kujua kama ni mgonjwa mpaka ujue uzito wake wa miaka iliyopita. Na hapo ndipo penye taabu, kwa sababu kabla ya Gauss hakuna aliyekuwa na mizani.

Mabaharia walikuwa na dira, ndiyo. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwezi wa Aprili 1498, dira ilikuwa chombo cha kawaida katika bahari hii. Lakini dira hukuonyesha upande tu. Haikwambii kama sumaku inayoivuta ni kali au imedhoofika. Basi ili kuijua nguvu ya zamani, ni lazima tumtafute shahidi mwingine.

KIGAE NI SHAHIDI

Shahidi wa kwanza ndiye yule ambaye mpwa wangu alitaka kumtia mfukoni.

Udongo wa mfinyanzi una chembe ndogo ndogo za madini ya chuma. Chungu kinapochomwa mpaka kikaiva sana, chembe hizo husahau sumaku yoyote ziliyokuwa nayo. Kinapopoa, hujifunza upya. Hushika sumaku ya dunia kama ilivyo siku hiyo, kwa upande wake na kwa nguvu zake, na hukaa hivyo hata miaka elfu.

Wataalamu wawili wa Ufaransa, Emile na Odette Thellier, walieleza mwaka wa 1959 njia ya kukihoji kigae cha namna hiyo. Hukipasha moto hatua kwa hatua katika maabara, wakaondoa sumaku yake ya kale kidogo kidogo, na kila hatua wakakipa sumaku mpya ambayo nguvu yake wanaijua. Kisha hulinganisha ya kale na mpya. Jibu hutoka kwa nambari kamili.

Mfano mzuri umetoka huku huku Afrika. Katika bonde la mto Limpopo, wakulima wa zamani walikuwa na desturi ya kuchoma nyumba na maghala yao kama tambiko la kutakasa. Moto ulikuwa mkali kiasi cha kuzigeuza sakafu za udongo kuwa kama matofali. Mwaka wa 2015 wanasayansi walitangaza matokeo ya kuzipima sakafu hizo. Waligundua kwamba kati ya mwaka wa 1225 na 1550 hivi, nguvu za sumaku katika eneo hilo zilishuka upesi. Angalia tarehe hizo. Ndiyo miaka ambayo watu wa Gede walikuwa wakijenga kasri lao na kulia pilau yao katika sahani za Uchina.

Lakini kigae kina upungufu wake. Kwanza, ni lazima ujue kilichomwa lini. Kule Gede kuna kaburi lenye tarehe iliyochongwa, mwaka wa 802 wa Hijra, yaani 1399, na Kirkman alitumia kaburi hilo pamoja na vyombo vya Uchina kupanga umri wa tabaka za udongo alizozichimba. Kigae kikitoka katika tabaka lake, kimepoteza cheti chake cha kuzaliwa. Nilipofika hapa katika kusoma kwangu niliona haya, nikamkumbuka yule mzee na neno lake la "pale pale".

Pili, watu hawakuwa wakifinyanga vyungu miaka 100,000 iliyopita. Kwa hadithi ndefu namna hiyo inatubidi tuende baharini.

KWA NINI SI TOPE LA MIDA

Kesho yake nilimpeleka kijana kwenye mkono wa bahari wa Mida, karibu na Gede, maji yalipokuwa yamekupwa. Tope lilikuwa limeenea chini ya mikoko kama uji uliomwagika, na kaa wakikimbia huku na huku.

Mto Sabaki nao huingia baharini kaskazini mwa Malindi, na wakati wa mvua huyafanya maji kuwa mekundu kama chai ya maziwa. Wakazi wa Nairobi tusijifanye hatuhusiki. Sabaki ndiye Galana, na Galana ndiye Athi, na mto Nairobi humwaga maji yake humo. Vumbi la mtaani kwako laweza kuishia Malindi. Mwaka wa 2007 wanasayansi walichapisha habari za tumbawe la Malindi lenye miaka 300 hivi, ambalo lilikuwa limehifadhi ndani yake alama za udongo ulioletwa na Sabaki. Lilionyesha kwamba mmomonyoko uliongezeka sana tangu mwanzoni mwa karne ya 20.

Basi bahari hukumbuka. Je, kwa nini tusichote tu tope la Mida tukalipeleka maabara?

Jibu tuliliona kwa macho yetu. Kaa hulichimbua usiku na mchana. Maji hulivuruga yakijaa na yakikupwa. Mvua moja huleta tope la kiganja kizima, na ukame hauleti kitu. Ni kama daftari ambalo watoto wachanga wamelichezea. Kurasa zimo, lakini hazifuatani.

Wanasayansi hutaka mahali palipotulia, mbali na mito na mawimbi, ambapo tope huanguka kama vumbi juu ya kabati la chumba kisichofunguliwa. Katika bahari kuu, kwenye kina cha maelfu ya mita, sentimita chache tu za tope huchukua miaka elfu moja kujijaza. Tope hilo ni vumbi lililoletwa na pepo, udongo mwepesi uliofika mbali, na maganda ya viumbe vidogo vilivyokufa juu na kuzama. Ndani yake zimo chembe za chuma chenye sumaku.

Ukitaka kuziona chembe za namna hiyo, chukua sumaku ya spika mbovu, uifunge kwa karatasi ya nailoni, kisha uipitishe katika mchanga mkavu wa kando ya barabara. Vumbi jeusi litakaloning'inia hapo ndilo lenyewe.

Kila chembe ni dira ndogo. Inapozama, sumaku ya dunia huivuta ielekee kaskazini. Sumaku ikiwa na nguvu, chembe nyingi hutii. Ikiwa dhaifu, nyingi hulala ovyo ovyo. Kisha tope jingine huja juu, la chini hukazana, na chembe hufungwa pale zilivyo.

PAREDI YA SHULE

Hapa pana mtego, na ndio uliowasumbua wataalamu kwa miaka mingi. Wazazi na wanafunzi, fikirini paredi ya shule.

Katika shule ya kwanza, wanafunzi 40 wameigeukia bendera. Katika shule ya pili, wanafunzi 200 wameigeukia bendera. Ni shule gani yenye nidhamu zaidi? Mtu wa haraka atasema ya pili. Lakini je, kama shule ya kwanza ina wanafunzi 50 tu, na ya pili ina 400? Sasa ya kwanza ina watiifu asilimia 80, na ya pili ina nusu tu.

Matope ni hivyo hivyo. Tabaka moja laweza kuwa na sumaku kali kwa sababu tu mwaka huo pepo zilileta chembe nyingi za chuma, wala si kwa sababu sumaku ya dunia ilikuwa na nguvu. Basi ni lazima kwanza uhesabu wanafunzi wote.

Wataalamu huhesabu hivi. Hupima sumaku ambayo tope limekuja nayo kutoka baharini. Baadaye hulitia tope hilo hilo katika sumaku ya maabara na kutazama linaweza kushika sumaku kiasi gani. Lenye chembe nyingi hushika nyingi, lenye chache hushika chache. Mwisho hugawanya ile ya kwanza kwa hii ya pili. Kinachobaki ndicho kiasi cha utiifu, yaani nguvu za sumaku ya dunia wakati tope lilipotua.

Ila msomaji utambue kwamba jibu hilo ni la kulinganisha tu. Ni kama mtu anayeonja chai ya jana na chai ya leo. Atakuambia ya leo ni tamu mara mbili kuliko ya jana, lakini hawezi kukwambia umetia vijiko vingapi. Vijiko huhesabiwa na kigae, au na jiwe lililotoka katika volkano, ambalo nalo hushika sumaku linapopoa. Kwa hiyo tope na kigae huhitajiana. Kigae hutoa nambari lakini kimenyamaza kwa karne nyingi katikati. Tope halina nambari, lakini halinyamazi.

MABOMBA YA BAHARI YETU

Jambo lililonifurahisha ni kwamba moja ya kazi za mwanzo zilizofanikiwa katika elimu hii haikufanywa Ulaya wala Marekani. Tope lake lilitoka katika bahari hii hii yetu, mamia ya kilomita kaskazini-mashariki mwa Malindi, katika bonde la chini ya bahari mkabala wa Somalia.

Meli ya utafiti ya Ufaransa iitwayo Marion Dufresne ilifika huko mwaka wa 1985 ikashusha mabomba marefu mpaka kwenye sakafu ya bahari, karibu na mstari wa ikweta, ambapo maji yana kina cha mita 4,000 hivi na zaidi. Bomba huzama katika tope kama mrija katika maziwa ya mgando, kisha huvutwa juu likiwa na tope lake lililopangika, la zamani chini na la karibuni juu.

Mwaka wa 1992, wanasayansi Laure Meynadier, Jean-Pierre Valet na wenzao walitangaza waliyoyasoma katika mabomba matatu ya huko. Ilikuwa hadithi ya miaka 140,000 ya nguvu za sumaku ya dunia. Umri wa tabaka waliujua kwa kuchunguza yale maganda ya viumbe vidogo, kwa kuwa maganda huwa na alama tofauti wakati wa baridi kuu ya dunia na wakati wa joto. Maganda hayo yalikuwa kwao kama lile kaburi lenye tarehe lilivyokuwa kwa Kirkman.

Kwa nini mabomba matatu? Kwa sababu hata huko chini kabisa wako minyoo wanaolivuruga tope, na huenda chembe zikachelewa kufungwa mahali pake. Shahidi mmoja aweza kukosea. Watatu wakisema neno moja, unaanza kusikiliza. Na mwaka huo huo wa 1992, tope la Bahari ya Mediterania nalo liliripotiwa kusema karibu hadithi ile ile. Bahari mbili zilizo mbali haziwezi kupatana kwa uongo mmoja.

Kutoka hapo kazi ilikua. Mwaka wa 1999, Yohan Guyodo na Valet waliunganisha kumbukumbu 33 za tope la bahari mbalimbali, wakapata hadithi ya miaka 800,000. Mwaka wa 2005 ikafikishwa miaka milioni mbili.

HUPWA, TENA HUJAA

Basi tope lasemaje?

Lasema kwamba nguvu za sumaku hazijawahi kutulia. Hupanda na kushuka, kama maji ya Mida yanavyojaa na kukupwa, ila zenyewe hazina ratiba. Zimewahi kushuka sana miaka 120,000 hivi iliyopita, na tena miaka 41,000 hivi iliyopita. Kushuka huku kwa pili kulikuwa kukubwa mno. Mawe ya volkano ya Laschamp kule Ufaransa, yaliyochunguzwa mwishoni mwa miaka ya 1960, yalikuwa tayari yameonyesha kwamba wakati huo sumaku iligeuka kwa muda. Nguvu zake zilibaki kama sehemu moja kwa kumi ya hizi za leo, au hata chini ya hapo. Kisha zikarudi.

Zimewahi pia kupanda kuliko sasa. Miaka 2,500 hivi iliyopita zilizidi za leo kwa karibu theluthi moja. Kwa hiyo huku kupungua tunakokuona leo kulianzia juu, kama mtu anayeshuka kutoka orofa ya nne. Bado hajafika chini. Ukichukua wastani wa miaka 800,000, nguvu za leo haziko chini ya wastani huo.

Kugeuka kabisa, kaskazini ikawa kusini na kubaki hivyo, kulitokea mara ya mwisho miaka 780,000 hivi iliyopita. Na si jambo la siku moja, ni la maelfu ya miaka.

Hapa wataalamu wamebishana. Mwaka wa 1993, Valet na Meynadier, wakitumia tope la Bahari ya Pasifiki, walisema nguvu hushuka taratibu kwa muda mrefu sana kabla ya sumaku kugeuka, kisha hupanda ghafla, mfano wa meno ya msumeno. Wengine wakapinga, wakidai tope hilo lilikuwa limeongezewa sumaku baada ya kutua na hivyo likadanganya. Ubishi huo uliwafanya wote wawe waangalifu zaidi, na ndipo shahidi mwingine akaitwa, naye ni beriliamu. Ni aina ya beriliamu inayozaliwa hewani miale ya kutoka anga za mbali inapogonga hewa yetu. Mwavuli ukiwa dhaifu, beriliamu hiyo huzaliwa kwa wingi na kuzama baharini. Katika tabaka za miaka 41,000 iliyopita, imo kwa wingi.

WATU WA PANGA YA SAIDI

Nilimweleza kijana haya yote tukiwa tumekaa ufuoni. Alisikiliza, kisha akauliza swali la maana kuliko yote.

"Na watu wa wakati huo, walikufa?"

Nikamwambia jibu liko katika kaunti hii hii ya Kilifi. Kuna pango liitwalo Panga ya Saidi, ambamo wachimbaji walipata alama za watu zinazofika miaka 78,000 iliyopita. Mwaka wa 2021 ilitangazwa kwamba mtoto wa umri wa miaka mitatu hivi alizikwa humo wakati huo, amelazwa kwa ubavu kama aliyelala. Wataalamu walimpa jina la Mtoto. Ndilo kaburi la binadamu la kale zaidi linalojulikana barani Afrika.

Sasa hesabu, msomaji. Mtoto alizikwa miaka 78,000 iliyopita. Sumaku ilikaribia kuzimika miaka 41,000 iliyopita. Watu walilitumia pango hilo kabla ya wakati huo, na walilitumia baada yake. Waliwinda, wakatengeneza vifaa vya mawe, wakalea watoto. Mwavuli ulipwaya juu ya vichwa vyao, lakini hewa nene tunayoivuta ilibaki, nayo pia ni kinga.

JE, TUSIJALI BASI?

Sisemi hivyo. Watu wa Panga ya Saidi hawakuwa na umeme wala setilaiti. Sisi tunavyo.

Hata leo kuna mahali ambapo mwavuli umepwaya, juu ya bahari iliyo kati ya kusini mwa Afrika na Amerika ya Kusini. Setilaiti zinazopita hapo hupigwa na miale mingi kuliko kwingine, na mitambo yake hupata hitilafu. Na hili lina uhusiano na Malindi. Kule Ngomeni kuna kituo cha Waitaliano cha San Marco, ambacho siku hizi chaitwa Luigi Broglio. Huko ndiko setilaiti ya Uhuru ilikorushwa tarehe 12 Desemba, 1970, ikapewa jina hilo kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wetu. Iliizunguka dunia karibu na ikweta, ambapo setilaiti hupita kandokando tu ya eneo lile baya na sumaku ya dunia huilinda vizuri. Kwa sababu hiyo hiyo, setilaiti nyingine za kuchunguza nyota zimewekwa karibu na ikweta na kupokelewa habari zake Malindi, kama vile BeppoSAX iliyorushwa mwaka wa 1996 na NuSTAR ya mwaka wa 2012.

Wako na wengine wanaoitegemea. Mwaka wa 2007 ilitangazwa kwamba kasa waliochukuliwa kutoka Mayotte, katika visiwa vya Komoro, na kufungwa sumaku ndogo vichwani, walipata shida kubwa kuliko wenzao kuitafuta njia ya kurudi. Kasa wa Watamu ni jamaa zao.

Kwa hiyo jambo hili ni la kuangaliwa kwa makini na wahandisi na wanasayansi, na huenda mmoja wao ni mtoto wako anayesoma ukurasa huu. Lakini si la kumnyima mtoto usingizi. Ndege hazitaanguka. Na kama sumaku itaendelea kupungua, itachukua karne nyingi, na tope linatuambia kwamba mara nyingi huanza kupanda tena kabla ya kufika chini.

Mpwa wangu aliyapokea haya vizuri. Siku ya kurudi Nairobi aliniomba tupitie Gede tena. Nilidhani amesahau kitu. Kumbe alitaka kuhakikisha kwamba kigae chake bado kipo pale kwenye ukuta. Kilikuwapo.

Wazazi, mkiwapeleka watoto Gede, Mnarani au Jumba la Mtwana, wakagueni mifuko kabla ya kutoka. Sheria ya makavazi na turathi ya mwaka wa 2006 inakataza kuviondoa vitu hivyo. Lakini hata bila ya sheria, kigae kile kimekaa na neno lake miaka mia kadhaa kikimsubiri atakayekuja kukiuliza. Kikifika Nairobi katika mfuko wa suruali, hakitakuwa na la kujibu.

Tukutane tena Jumapili ijayo, Mungu akipenda.